Herts/Middlesex 1 na msimu ilipoipokea London Welsh

Tarehe 24 Januari 2017, RFU, chama kinachosimamia raga ya Uingereza, kiliiondoa London Welsh katika Championship, ligi ya daraja la pili, msimu ukiwa katikati. Kampuni iliyoendesha timu ya kulipwa ilikuwa imeingia kwenye ufilisi Desemba 2016, ikapewa leseni ya muda, na leseni hiyo haikuongezwa. Matokeo yote ya timu hiyo msimu ule yalifutwa na Championship ikamalizika na klabu 11. Septemba iliyofuata jina la London Welsh lilikuwa kwenye ratiba tena, safari hii katika Herts/Middlesex 1, ligi ya daraja la 9, wachezaji wakiwa wa ridhaa.

Kuanguka kwa klabu kubwa ni rahisi kusimulia. Kigumu zaidi, na chenye faida zaidi kwa anayeendesha ligi ndogo popote, ni kuelewa ligi iliyoipokea: ilitoka wapi, hesabu zake zinafanyaje kazi, na ni nani aliyelipa gharama ya mapokezi hayo.

Ligi iliyochelewa kuzaliwa

Raga ya Uingereza ilikaa zaidi ya karne bila ligi ya taifa. RFU kiliundwa tarehe 26 Januari 1871 na klabu 21, Richmond ikiwa mojawapo, na kwa miongo mingi klabu zilicheza mechi za kirafiki zilizopangwa na makatibu wao, kila mmoja akichagua wa kucheza naye. Hofu ya ligi ilikuwa na chanzo. Tarehe 29 Agosti 1895, katika hoteli ya George mjini Huddersfield, klabu za kaskazini zilijitenga baada ya RFU kukataa wachezaji wafidiwe mshahara wa siku ya kazi waliyoikosa kwa ajili ya mechi. Chama chao kipya kiliruhusu fidia ya shilingi 6 kwa siku. Tangu hapo, machoni pa RFU, makombe na jedwali la pointi vilikuwa mlango wa kuingizia malipo. Kombe la taifa la klabu lilianza msimu wa 1971–72 tu, na ligi zikaja mwaka 1987 kwa udhamini wa kampuni ya bia ya Courage.

Kilichofanyika mwaka ule hakina mfano mwingi katika michezo. Klabu zaidi ya 1,000 zilipangwa kwenye ngazi moja, kuanzia Leicester, mabingwa wa kwanza, hadi timu za wahitimu wa shule na vijiji ambazo hazijawahi kuona jina lao kwenye jedwali lolote. Hertfordshire ilikuwa na ligi zake na Middlesex zake. Katikati ya miaka ya 1990 kaunti hizo mbili zikaunganishwa na kuwa na ngazi moja ya Herts/Middlesex.

Muungano huo ulikutanisha klabu za aina mbili. Middlesex kama mamlaka ya utawala iliondolewa mwaka 1965 Greater London ilipoundwa, ila raga na kriketi ziliendelea kuitambua. Klabu zake ni za mjini: Hackney, Haringey Rhinos, London Nigerian iliyoanzishwa na Wanigeria wa jiji hilo, pamoja na zile zenye neno «Old» mwanzoni mwa jina, za waliosoma shule fulani. Nyingi hutegemea vijana waliokuja London kutafuta kazi, ambao huhama kodi ya nyumba inapopanda. Hertfordshire ni miji midogo na vijiji kaskazini mwa jiji, kama Hitchin, Stevenage na Datchworth. Huko mtoto huanza kucheza akiwa na miaka sita au saba, baba akiwa kocha wake, na klabu mara nyingi ina uwanja wake. Klabu ya mjini inaweza kuwa na nguvu za ajabu mwaka huu na kukosa watu 15 mwaka ujao. Ya kijijini hubadilika polepole sana.

Hesabu za Jumamosi

Ushindi ni pointi 4, sare 2. Timu inayofunga trai nne au zaidi (trai ni kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa mpinzani) hupata pointi 1 ya nyongeza hata ikishindwa, na inayoshindwa kwa tofauti isiyozidi alama 7 hupata 1. Tuchukue ligi ya timu 12 zinazokutana nyumbani na ugenini: mechi 22, na kiwango cha juu kabisa kinachowezekana ni pointi 110.

Refa hutumwa na chama cha marefa cha eneo. Wasaidizi wa pembeni mara nyingi hutolewa na klabu zenyewe, mmoja kila upande. Mechi huanza saa tisa alasiri majira ya vuli, lakini viwanja vingi havina taa. Katikati ya Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi jioni, na mechi ya dakika 80, ikijumlishwa mapumziko na majeraha, hula dakika 100 hivi. Kwa hiyo muda husogezwa hadi saa nane. Timu ya ugenini iliyokwama barabarani kwa nusu saa inaweza kuvunja mechi nzima kwa kukosa mwanga.

Tatizo linalovunja mechi nyingi zaidi, hata hivyo, ni skramu. Wachezaji wanane wa mbele wa kila upande hufungana na kusukumana, na watatu walio mstari wa mbele kabisa hubeba uzito wote shingoni na mabegani. Asiyefundishwa nafasi hiyo anaweza kuvunjika shingo, ndiyo maana sheria huhesabu watu hao kwa jina. Timu ikija na wachezaji 15, lazima watatu wawe wamefundishwa mstari wa mbele, wakiwa 16 hadi 18, wanne, 19 hadi 22, watano, 23, sita. Wakipungua uwanjani, skramu huchezwa bila kusukumana, na mchezo hupoteza nusu ya maana yake.

Sasa iangalie klabu ya Hertfordshire yenye timu tatu Jumamosi moja, kila timu ikiwa na watu 18. Inahitaji watu 12 wa mstari wa mbele, wazima, siku hiyo hiyo. Wawili wakiumia kwenye timu ya kwanza, wawili hupandishwa kutoka ya pili, na ya pili huchukua kwa ya tatu. Simu ya kuvunja mechi Ijumaa usiku karibu kila mara hutoka kwa nahodha wa timu ya tatu. Ndiyo sababu kina cha klabu hupimwa kwa timu yake ya tatu. Timu ya kwanza inaweza kung'aa huku nyuma yake kukiwa hakuna kitu.

Kupanda na kushuka nako hakufanani na anavyodhani mtazamaji wa soka. Bingwa wa Herts/Middlesex 1 alipanda kwenda London 3 North West, daraja la 8. Idadi ya wanaoshuka, kwa upande mwingine, haiwezi kutangazwa Septemba. Hutegemea ni klabu ngapi za kaunti hizi mbili zinazoshushwa kutoka juu, kwa sababu kila inayoshuka hurudi kwenye kaunti yake. Kama anapanda mmoja na wanashuka watatu kutoka daraja la 8, na mmoja anapanda kutoka Herts/Middlesex 2, ligi ya 12 inabaki na 11, inapokea 4 na kuwa na 15: lazima watatu washuke. Mwaka ambao hakuna wa kaunti hizi aliyeshushwa kutoka juu, ligi inabaki na 12 bila kumshusha yeyote. Klabu inaweza kumaliza ya kumi, ikasalimika mwaka huu, na kwa nafasi ileile ikashuka mwaka ujao, hatima yake ikiamuliwa na mechi ya mwisho ya klabu isiyowahi kukutana nayo. Juu ya hayo, kiangazi RFU huweza kuihamisha klabu kwenye ligi jirani ya daraja lilelile ili kusawazisha idadi na safari.

Klabu moja ikiingizwa kwenye hesabu hiyo kutoka nje, bila kushinda wala kushindwa popote, kuna nyingine ambayo itatolewa mahali fulani.

Ilikotoka London Welsh

Klabu hii ilianzishwa mwaka 1885 na Wawelisi waishio London. Tangu 1957 makao yake yamekuwa Old Deer Park, Richmond. Mwaka 1971 ilitoa wachezaji saba kwa kikosi cha British Lions, timu teule ya England, Scotland, Wales na Ireland, kilichoshinda mfululizo wa mechi za kimataifa nchini New Zealand, nahodha akiwa John Dawes wa klabu hiyohiyo. Ndani ya kundi hilo walikuwamo J. P. R. Williams, Gerald Davies, Mervyn Davies na John Taylor. Hao walikuwa watu wa ridhaa. Raga ilifunguliwa kwa malipo Agosti 1995 tu.

Enzi ya malipo haikuifaa. Mwaka 2012 ilishinda fainali ya Championship dhidi ya Cornish Pirates, lakini Old Deer Park haukufikia sharti la Premiership, ligi ya daraja la kwanza, la nafasi 10,000 za watazamaji. Mpango ukawa kuhamia uwanja wa Kassam, Oxford, takriban kilomita 80 kutoka nyumbani. RFU kilikataa kwanza, rufaa ikashinda. Ikashuka 2013, katika msimu ambao ilikatwa pointi 5 kwa kumchezesha mtu aliyesajiliwa kwa nyaraka za uongo. Ikapanda tena 2014, na msimu wa 2014–15 ikashindwa mechi zote 22 na kuambulia pointi 1. Mishahara ilikuwa ya daraja la kwanza, na mashabiki wa kuilipia walikuwa wamebaki Richmond.

Kosa la uendeshaji hapa ni dhahiri. Klabu ilihamisha timu ya kwanza mbali na jamii yake ili ikidhi sharti la uwanja, na mapato ya siku ya mechi hayakuifuata. Lakini hamahama hiyohiyo iliacha kitu nyuma. Old Deer Park haukwenda Oxford. Timu za ridhaa, timu za watoto na wanachama walibaki pale pale, wakiendelea kucheza kila wikiendi chini ya mabango ya zamani. Kampuni ilipofilisika, klabu ya ridhaa haikuwa kampuni hiyo.

RFU hakikuiweka chini kabisa. Herts/Middlesex 2 ilikuwapo bado chini yake. Daraja la 9 lilikuwa mahali pa kati: chini vya kutosha ili kufilisika kusionekane kama njia ya mkato ya kuondoa madeni, juu vya kutosha ili pengo la uwezo lisiwe hatari kwa miili ya wapinzani. Kutoka hapo hadi Championship palikuwa na hatua saba za kupanda. Richmond kihistoria ni mji wa Surrey, ng'ambo ya mto kutoka Middlesex, na bado London Welsh ilipangwa upande wa kaskazini, jambo lililomaanisha safari hadi mpakani mwa Hertfordshire badala ya kukutana na majirani wa kusini.

Gharama ilivyogawanywa

London Welsh ilitwaa ubingwa wa Herts/Middlesex 1 msimu wa 2017–18, na mwaka uliofuata ikapanda tena kutoka London 3 North West. Kwa klabu yenyewe mpango ulifanikiwa. Kwa ligi, maelezo yanahitaji uangalifu zaidi.

Kuna faida za kweli, na haifai kuzibeza. Mchezaji wa ridhaa wa Middlesex alipata kucheza Old Deer Park, kwenye nyasi walizokanyaga akina Dawes. London Welsh ilipocheza ugenini ilikuja na wafuasi, na mauzo ya baa baada ya mechi ndiyo yanayolipia mipira, umeme wa vyumba vya kubadilishia nguo na bima ya klabu ya daraja la 9. Jumamosi moja kama hiyo inaweza kufidia kadhaa za mvua.

Hasara inaanzia kwenye nafasi ya kupanda. Klabu iliyojenga kikosi kwa miaka mitatu au minne ikilenga ubingwa wa 2018 ilijikuta inashindana na jina ambalo wachezaji kutoka madaraja ya juu walikuwa tayari kulifuata bila malipo. Wachezaji wa umri wa miaka 28 hadi 32 hawasubiri. Msimu ukipita bila kupanda, wawili huoa, mmoja huhamia kazini mji mwingine, na kikosi kile hakirudi tena.

Hasara ya pili imo kwenye jedwali na haionekani kwa urahisi. Katika ligi yenye timu moja iliyozidi sana, kila klabu nyingine huingia msimu ikijua kuna mechi mbili ambazo huenda isipate kitu. Nahodha mwenye watu 12 wa mstari wa mbele kwa timu tatu hufanya hesabu: amchezeshe aliyeumia nusu dhidi ya vinara, au ampumzishe kwa ajili ya mechi ya wiki ijayo anayoweza kushinda? Wengi humpumzisha. Kipigo kinakuwa kikubwa zaidi na tofauti ya alama inaharibika. Klabu mbili zinazopigania kubaki daraja hazikukutana na kinara katika hali sawa, kwani moja ilikutana naye Septemba ikiwa kamili na nyingine Januari ikiwa na majeruhi saba.

Hatari kubwa zaidi ni mpinzani kutofika kabisa. Mechi isiyochezwa humpa aliyekuwa tayari pointi 5 na humnyima mazoezi, mauzo na heshima ya siku. Klabu ikizidi kukosa mechi huondolewa na matokeo yake kufutwa, na hapo ligi nzima hupinda. Katika ligi ya timu 12, ikitoka moja, zinabaki mechi 20 na kiwango cha juu pointi 100. Aliyekwisha kuipiga mara mbili kwa trai nne anapoteza pointi 10 alizozitolea jasho. Aliyekuwa bado hajakutana nayo hapotezi chochote. Championship ya 2016–17 ilipitia hesabu hiyohiyo kwa sababu ya London Welsh, ikiwa na wahasibu na mawakili wa kuieleza. Katibu wa ligi ya daraja la 9 huifanya mezani kwake usiku, kisha hupokea simu za lawama peke yake.

Waliotangulia na waliofuata

RFU kilikuwa na mfano mkononi. Richmond, klabu ya 1861, ilinunuliwa mwaka 1996 na mfanyabiashara Ashley Levett, ikamsajili Ben Clarke na ndugu wawili Scott na Craig Quinnell, ikafika Premiership na kuhamia uwanja wa Madejski, Reading. Machi 1999 fedha zilikatika. Richmond na London Scottish ziliunganishwa kwa lazima ndani ya London Irish, kisha zote mbili zikazaliwa upya kama klabu za ridhaa na kuanza kupanda kutoka madaraja ya chini. London Scottish ilitwaa National League 1, ligi ya daraja la tatu, mwaka 2011 na kuingia Championship. Richmond ilifanya hivyo 2016. Ngazi ilizichukua zaidi ya miaka kumi kila moja, na zote mbili ziliipanda zikiwa na uwanja uleule wa Richmond Athletic Ground zilioushiriki tangu zamani.

Wasps, klabu ya 1867 na mabingwa wa Ulaya 2004 na 2007, ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1999 upande wa kulipwa ulitengana na Wasps ya ridhaa, iliyobaki Acton. Timu ya kulipwa ilihamia Wycombe, kisha Coventry Desemba 2014, na 2015 ikakopa paundi milioni 35 kwa hatifungani zilizopaswa kulipwa 2022. Oktoba 2022 ikaanguka. Mei 2023 RFU kiliondoa leseni yake ya Championship na kuielekeza kuanza chini kabisa ya ngazi. Haikucheza. Wakati huo haikuwa na uwanja wake, wala timu ya tatu, wala watoto wa Jumapili asubuhi. Ligi ya kaunti ingeweza kuipa nafasi kwenye jedwali. Isingeweza kuipa watu 15 wa kujitokeza Septemba.

Hapa ndipo tofauti ilipo. Daraja la 9 haliokoi klabu. Linaweza tu kuipokea ile ambayo tayari ina nyasi zake na wanachama wake, na London Welsh ilikuwa na vyote. Worcester nayo ilianguka 2022, lakini ilirudishwa moja kwa moja daraja la pili msimu wa 2025–26, ligi ilipopanuliwa hadi timu 14, bila kupita Hertfordshire wala kaunti nyingine yoyote. Klabu zilizopanda hatua kwa hatua zina haki ya kuuliza kanuni ni ipi.

Herts/Middlesex 1 kwa jina hilo haipo tena. Machi 2020 ligi zilisimamishwa kwa sababu ya Uviko-19 na msimamo ukakokotolewa kwa wastani wa mechi za nyumbani na ugenini. Msimu wa 2020–21 haukuchezwa. Na 2022 RFU kilipanga upya ngazi nzima. Madaraja ya 7 kwenda chini sasa yanaitwa Counties na kaunti hizi mbili bado ziko pamoja. Kanuni ya kuipokea klabu iliyofilisika, hata hivyo, bado huamuliwa juu ya vichwa vya klabu zinazopokea.

Marekebisho yanayohitajika si makubwa. Msimu ambao klabu ya aina hiyo inaingizwa, mshindi wa pili apande moja kwa moja pamoja na bingwa, na kama mgeni kaongeza idadi, asishushwe mtu wa ziada mwaka huo. Ligi ya juu itakuwa na timu 13 kwa msimu mmoja, yaani mechi 24 kwa kila timu badala ya 22. Ni Jumamosi nne za nyongeza kwenye kalenda ukihesabu na mapumziko ya zamu, maana kwa timu 13 kila wiki mmoja hukaa nje, na ratiba inayoanza mwanzoni mwa Septemba inaweza kuzibeba kabla ya Aprili kwisha.